Safari ya Kumwalika Sadru, Mpiga Rock wa Georgia

Jamani, nimechoka kuulizwa. Tangu nirudi Canada, hapa Richmond Hill, kila mmoja wenu amenishika mkono kwenye meza ya kahawa akitaka habari, na kila mmoja nimempa kipande. Matokeo yake Firoz anatangaza kwamba nilikwenda Marekani kupiga kampeni, na mke wa Firoz anaamini nilikamatwa mpakani kwa ajili ya achari. Yote mawili yana ukweli kidogo. Basi nimekaa chini niandike mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwambia akasome.

Wengi mnamjua Sadru kwa jina tu. Tulikua pamoja Upanga, Dar es Salaam, na tulikuwa na bendi. Mimi nilikung'uta gita la solo, yeye aliimba na kupiga ridhimu. Nywele zetu zilifika mabegani, na suruali zetu zilitukosanisha na vijana wa chama waliosimama barabarani kukagua nguo za watu. Rock, walituambia, ni utamaduni wa mabeberu. Sisi hatukuwa tukijua beberu ni nani. Tulijua tu kwamba tukipiga, wasichana wanakuja. Kisha majumba yakataifishwa, baba zetu wakafunga mizigo, mimi nikaletwa Toronto na Sadru akaangukia Georgia. Yuko huko mpaka leo na kituo chake cha petroli na, Mungu amsitiri, bendi nyingine.

Ana binti mmoja, Shaila. Mama yake alifariki Shaila akiwa bado mdogo, kwa hiyo mtoto amelelewa na baba, petroli na rock. Alikuja Toronto kusoma, akabaki kufundisha, anakaa Crescent Town, na mke wangu Gulu humwita mwanetu. Mwaka huu akapata mchumba. Kyle ni Mmarekani, mtoto wa Alabama, na alikuwa askari. Alipelekwa Iraq mara moja, akarudi likizo, na alipotakiwa kwenda tena vitani akapanda basi akaja Canada. Akikanyaga kwao anafungwa. Anaosha vyombo katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Danforth, na ni mpole kiasi kwamba hata paka wa jirani wanamwonea.

Shaila alipompigia baba yake simu kumweleza, Sadru alisema neno moja tu, "mtoro", akakata. Tangu siku hiyo hawakuzungumza. Harusi ilikuwa imeshapangwa, ukumbi umepatikana, na msichana anakwenda kuolewa bila baba, ilhali baba yu hai na ana afya kunishinda mimi. Gulu akaniambia, "Wewe ndiye unayemjua. Nenda kamlete." Na mimi, ambaye hata nikitumwa Mississauga hapa karibu nalalamika, nikakubali.

Richmond Hill mpaka mpakani

Gulu alipika kana kwamba tunahamia porini. Kachori, mkate wa kumimina, kuku wa kukaanga, chapati, chupa ya achari ya maembe, na juu ya yote sanduku la penda, ile mithai ya maziwa, ambalo aliniapisha nisiliguse. "Hii ni ya mwaliko," alisema. "Ukimwalika mtu kinywa kitupu, hujamwalika." Ninyi mnajua, lakini naandika kwa faida ya wakwe zenu: kwetu harusi hutangazwa kwa kumtia mtu utamu mdomoni, na si yeye peke yake, bali kila aliyemo nyumbani mwake siku hiyo. Kumruka mmoja ni kumtukana.

Shaila alisema naye anakwenda, na ndiye aliyechagua basi. Alisema ndege zimejaa. Nilimtazama nikajua kwamba anaogopa kufika upesi, nikakata tiketi. Nilibeba pia gita langu, kwa sababu nilipompigia Sadru kumwambia kwamba tunakuja, alisema tu, "Njoo na gita." Nililishika neno hilo kama mtu anayeshika ufunguo.

Mpakani tukashushwa sote. Ofisa aliyetupata alikuwa binti mwenye adabu, ila kazi yake ni kazi yake. Akainua chupa ya achari kwenye mwanga. "Hii nini?" Nikamwambia ni maembe. Akasema matunda hayaruhusiwi. Nikamwambia si matunda tena, yameshapitia mengi. Akafungua kifuniko, akanusa, akakirudisha haraka sana na hakuuliza tena habari zake. Kisha akalifikia gita.

"Unakwenda kupiga wapi?"

"Sipigi. Nabeba tu."

"Umebeba gita kutoka Canada mpaka Georgia na hupigi?"

Hapo ndipo Shaila alipoangua kicheko. Nilieleza kwamba nakwenda kumwona rafiki wa zamani, kwamba siku hizi vidole vyangu havimtoi mtu kitini, na kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu atakayenilipa. Basi zima lilikuwa linatusubiri, watu wamebandika nyuso dirishani. Mwishowe akatuachia. Ndiyo habari nzima ya kukamatwa kwangu, na mke wa Firoz aisome mara mbili.

Cleveland, tulipokwama

Basi la kuunganisha Cleveland halikutokea. Walitangaza limeharibika, wakatangaza linatengenezwa, kisha wakaacha kutangaza. Chumba cha kusubiria kilijaa watu wa kila aina: wanafunzi, mama mmoja na wajukuu wake, mzee mwenye kofia ya wapiganaji wa zamani, kijana mwenye fulana iliyochorwa alama ya amani. Tukafungua chakula. Yule mama alionja kachori, akauliza pilipili zimetoka wapi, akarudi kuchukua ya pili kabla sijajibu.

Mzee wa kofia akanyoosha kidole kwenye gita. "Hilo ni pambo?"

Basi nikalitoa. Nikapiga wimbo wa zamani, mmoja wa zile tulizokuwa tukizipiga Upanga watu wakivunja viti. Sikufika mbali. Kijana wa fulana akapiga makofi akasema huo ndio wimbo wa watu waliopinga vita. Mzee akamwambia afunge mdomo, huo ni wimbo waliousikiliza yeye na wenzake kambini Vietnam, na hakuna mpinga vita atakayemnyang'anya. Kijana akasema mwimbaji mwenyewe aliandamana. Mzee akasema mwimbaji akafie mbali, wimbo ni wake. Sauti zikapanda. Mwingine akadakia habari za wanamuziki wa leo wanaomtukana Rais wakati askari wako vitani, na mwanamke aliyekuwa kimya pembeni akasema nao ni raia, wana midomo.

Mimi nilikuwa nimeshika gita katikati yao kama mtu aliyeleta mbuzi kwenye ugomvi wa mirathi. Sikujua kama wimbo ule una upande. Kwetu uliitwa ubeberu, na huku kila mmoja anauita wake na anauita uzalendo. Mama wa wajukuu ndiye aliyetuokoa. "Baba," aliniambia, "piga mpaka mwisho, watagombana baadaye." Nikapiga mpaka mwisho. Mzee na kijana waliimba wote wawili, kila mmoja akimkazia macho mwenzake.

Shaila hakuimba. Tulipokaa aliniambia, kwa Kiingereza chake, maana yeye anaelewa kila neno la Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza, "Anko Nizar, baba yangu ni kama yule mzee. Anapiga kwenye mikutano ya chama cha Rais. Bendi yake ina bango lao nyuma ya jukwaa. Anaipenda vita ile kuliko mimi."

Sikuwa najua habari za bango. Nilimwambia tu ale.

Kentucky na Tennessee

Tulipata basi, tukaketi nyuma ya dereva aliyependa redio. Kwa hiyo naifahamu Kentucky kwa masikio. Stesheni moja ilikuwa na mtangazaji aliyewashauri watu wavunje santuri za waimbaji wasiopenda vita. Kilima kimoja mbele, stesheni nyingine, mhubiri anasema rock imeharibu vijana wa Marekani, tena akatanguliza gita la umeme na drams kabla ya kusema hivyo. Stesheni ya tatu wanawacheka wote, wa kwanza na wa pili. Milima ilikuwa imewaka rangi ya majani yanayotaka kupukutika, na nilimwambia Shaila kwamba nchi nzuri namna hii isingetakiwa kuwa na kelele nyingi hivyo. Alikuwa amelala, kichwa begani kwangu.

Tennessee tulisimama kula. Niliagiza mayai, wakaniletea na kitu cheupe mfano wa uji mzito. Nikatia sukari, kama anavyotia mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Mhudumu akasimama akaniangalia kwa huruma. "Mpenzi, hiyo huliwa na chumvi na siagi." Mnajua huko kila mtu ni mpenzi; mara ya kwanza nilishtuka, mara ya pili nikanyoosha kola. Nikala na sukari mpaka mwisho ili nisishindwe.

Njiani Shaila alinisimulia alivyokuwa akilala juu ya makasha ya spika baba yake akiwa mazoezini, na kwamba mpaka leo hawezi kulala mahali pakiwa kimya kabisa. Alisimulia bila kulia. Mimi ndiye niliyetazama dirishani.

Georgia, na penda

Sadru alitupokea kituoni kwake, baina ya pampu mbili. Amenenepa, kichwa kimebaki na nywele za pembeni tu. Tulikumbatiana tukapigana migongoni tukatukanana kwa Kiswahili, maana Kikachi, lugha ya nyumbani kwetu, hakina matusi ya kutosha. Kisha akamgeukia binti yake. Wakasimama. Mkono wa Sadru uliinuka kidogo, ukashika mkoba wa Shaila badala ya Shaila. "Ingieni," alisema. "Wenzangu wako ndani, tunafanya mazoezi."

Nyumba yake iko nyuma ya kituo. Wenzake walikuwa wawili. Mpiga besi, fundi magari asiyesema, na mpiga drams, Earl, jitu la miraba minne lenye mikono kama makasia na sauti ya polepole ya huko kusini. Na kweli, ukutani palikuwa na bango la chama cha Rais, na spika mpya zenye nembo yao.

Nilimvuta Sadru jikoni. "Tangu lini wewe na siasa?"

Alishangaa kwa dhati. "Siasa gani? Nizar, bendi gani ya Dar uliyoijua isiyo na mlezi? Jeshi walikuwa na bendi, polisi walikuwa na bendi, wafanyakazi walikuwa na bendi. Mlezi ananunua vyombo, wewe unapiga. Sisi pale Upanga tulikufa kwa sababu hatukuwa na mlezi. Nilipofika huku nikasema safari hii sirudii kosa."

"Na huku hawa wanajua kwamba ni ulezi tu?"

"Wanajua nini? Wananipigia makofi."

Nusura nicheke, halafu nikamkumbuka Shaila. Mtoto amekaa miezi akiamini baba yake ameuzwa kwa itikadi, na baba anadhani yuko bado kwenye Tanzania ya chama kimoja, ambako chama kilikuwa ni kama mvua, kinamnyeshea kila mtu. Nikamwuliza, kama si siasa, kwa nini amemkataa kijana? Sadru akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa. "Kwenye harusi siji," alisema. "Usiniulize."

Sikumwuliza. Nilifanya kile nilichotumwa. Nikarudi sebuleni, nikafungua sanduku, nikatamka kwa sauti kwamba Shaila anaolewa, nikamtia Sadru penda mdomoni kabla hajakwepa. Kisha, kama nilivyofunzwa, nikamtia na fundi magari. Kisha nikamtia Earl.

Earl alitafuna, uso wote ukafurahi. "Shaila mdogo! Nani mwenye bahati?"

"Kijana wa jirani zenu," nikasema, najivunia. "Mtoto wa Alabama!"

"Ala! Sasa mbona harusi iko kule kwenye barafu?"

Nilimwona Sadru ananikodolea macho na mdomo umejaa. Hakuweza kusema. Shaila ndiye aliyejibu, amesimama wima kama yuko mbele ya darasa. "Kwa sababu alikuwa askari, Anko Earl. Alikwenda Iraq mara moja. Alikataa kurudi mara ya pili."

Earl alimeza. Akaweka vijiti vyake juu ya dram, kimoja kimoja, akavaa kofia, akatoka. Tulisikia gari lake likiwashwa.

"Mwanawe yuko kule," Sadru aliniambia kwa Kiswahili, sauti imekauka. "Mtoto wake wa pekee. Yuko Iraq sasa hivi. Earl anakaa nyuma yangu kila mazoezi, ananipigia drams, na simu yake iko juu ya kiti karibu naye. Nizar, ningemwambiaje mtu huyo kwamba nakwenda kucheza ngoma kwenye harusi ya aliyekataa kwenda?"

Shaila alikuwa amesimama mlangoni. Nimeshasema kwamba anaelewa kila neno.

Mkutano ambao sikupiga

Kesho yake palikuwa na mkutano wa kampeni kwenye uwanja wa maonyesho ya mifugo. Bendera, nyama choma, watoto wamechorwa mashavuni. Watu walikuwa wakarimu sana kwangu. Nilipewa kofia na bakuli la karanga za kuchemsha, na nilikula zote, kwa sababu ni kama za Tanga. Lakini Earl hakutokea. Drams zilikaa jukwaani peke yake.

Mama mmoja mwenye beji, mratibu wa shughuli, alikuja mara tatu kuuliza. Mara ya tatu akaniona na gita, akamgeukia Sadru. "Si una mwingine hapa? Anzeni bila drams."

Sadru alikuwa ameshavaa koti lake la jukwaani. Alilivua, akalikunja. "Bila Earl hatupigi."

"Sadru, mheshimiwa yuko njiani."

"Mheshimiwa si mpiga drams."

Yule mama alisema kwamba chama kitalifikiria jambo hili, na kwamba spika zile ni za chama. Sadru akamjibu zichukueni. Najua alivyozipenda spika zile. Nimemwona akizifuta vumbi kwa kitambaa cha miwani. Yule mama, maskini, alikuwa na haki ya kukasirika, akaenda akaweka santuri. Umati ukaupokea wimbo kwa shangwe, bendera zikapepea, wakaimba kiitikio mkono kifuani. Shaila akaanza kucheka mpaka akashika nguzo. Mwimbaji huyo, aliniambia akifuta machozi, wiki ile ile alikuwa anazunguka nchi nzima kuwafanyia kampeni wapinzani wa Rais.

Nikamweleza Sadru. Akasikiliza wimbo hadi ulipoisha, akitingisha kichwa kwa mapigo. "Lakini wimbo mzuri," alisema.

Shaila alimtazama baba yake. Nadhani hapo ndipo aliposadiki kwamba mtu huyu hajawahi kuwa na itikadi yoyote maishani mwake isipokuwa muziki na watu anaopiga nao.

Barazani kwa Earl

Tulikwenda sote watatu. Earl alikuwa amekaa kwenye kiti cha kubembea mbele ya nyumba yake, simu mapajani. Hakutukaribisha wala hakutufukuza, kwa hiyo tulisimama kwenye ngazi.

"Hatukupiga," Sadru alisema.

"Nimesikia."

"Nisamehe, Earl. Yule kijana simkubali. Miezi hii sijazungumza na Shaila, na nilishasema siendi. Kwa heshima yako, siendi."

Ndipo Earl alipokasirika. Nilikuwa nimefikiri tayari amekasirika. Kumbe alikuwa bado. "Kwa heshima yangu?" alisema. "Umemfukuza mtoto wako miezi yote hii, unakuja unapiga gita mbele yangu, na sababu ni mimi? Nani alikuomba? Umenitwika mzigo wa nyumba yako bila kuniambia."

Sadru aliketi kwenye ngazi.

"Wangu yuko kule," Earl aliendelea, sasa taratibu. "Simu ikilia naogopa kuishika. Isipolia naogopa zaidi. Unadhani nikisikia mtoto wa mtu amerudi mzima, ninachotaka ni afungiwe mlango?" Akaigeuza simu mapajani. "Yule kijana, nina hasira naye. Sitakudanganya. Akiwa hapa simpi mkono. Lakini hiyo hasira ni yangu, nitakaa nayo mwenyewe. Binti ni wako. Ningekuwa mimi ningetembea kwa miguu."

Shaila alipanda zile ngazi akapiga magoti mbele ya kiti chake, akaweka mkono juu ya mkono wake, hapo hapo juu ya simu. Niliona kwamba anamlilia mtoto wa Earl, ambaye alicheza naye utotoni, na Earl naye aliona. Alimpiga-piga kichwani kwa ule mkono mkubwa.

"Kituo cha petroli nitakaa mimi," alimwambia Sadru. "Nenda."

Kurudi kaskazini

Njia ya kurudi ilikuwa fupi, au niseme nililala. Viti viwili mbele yangu baba na binti walizungumza kutoka Tennessee mpaka Ohio. Baba kwa Kiswahili, Shaila kwa Kiingereza, na pale walipozidiwa wakaimba. Sadru alimaliza achari yote kwa kidole.

Ila tulipokaribia mpaka alihamia kando yangu. Aliniuliza kijana anapenda nini. Nikasema vyakula vyote vya Gulu. Aliniuliza kama ana wazazi. Nikamwambia wapo, Alabama. Baba ni askari mstaafu, na tangu Kyle aondoke hawajamjibu simu hata moja. Harusini hatakuja mtu wa kwao, hata binamu.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Sadru aliegemeza kichwa kwenye kioo. Ofisa wa upande wa Canada alipomwuliza anaingia nchini kwa shughuli gani, alijibu kwa sauti iliyosikika basi zima, "Binti yangu anaolewa. Mimi ndiye baba." Abiria wakapiga makofi, na ofisa akagonga mhuri akitabasamu.

Kyle alikuwa anatusubiri stesheni ya Toronto, shati limepigwa pasi hadi limekuwa kama bati. Alinyoosha mkono. Sadru aliutazama kitambo, mpaka nikaogopa, kisha akaushika, akasema habari za safari, akauliza choo kiko wapi. Ndivyo walivyokutana. Shaila alilia njia nzima ya treni mpaka kituo cha Victoria Park, Kyle akadhani amefanya kosa, na Sadru akasimama mlangoni akijifanya anasoma matangazo.

Mlangoni Crescent Town

Wengi wenu mlikuwa ndani ya ukumbi siku ya harusi. Mlikuwa kwenye sambusa, kwa hiyo hamkuona yaliyotokea nje.

Mnajua upande wa mume unavyokuja kwetu: kwa kishindo, kwa ngoma, wajomba na mashangazi wamemzunguka bwana harusi, na sisi wa upande wa mke tunawasimamisha mlangoni, tunawatania, tunawahoji, ndipo tunawapa utamu na kuwaingiza. Gulu alikuwa amepanga kila kitu. Sinia la penda, maua, wasichana wa kumfichia bwana harusi viatu kwa utani. Alichosahau, na mimi nilisahau, ni kwamba kijana hana wa kuja naye.

Nilitazama kupitia kioo cha mlango. Kyle alikuwa amesimama peke yake kwenye maegesho, baridi inamtoa moshi mdomoni, suti imemkaa kama ya kuazima, anangoja aitwe. Nilitaka kumwendea. Nikageuka nimtafute Sadru aje asimame nami, maana mahali pa baba wa bibi harusi ni pale, mlangoni, mbele ya watu wote. Hakuwapo.

Gulu akanishika mkono. Nje, Sadru alikuwa amepita mlango wa nyuma, akazunguka jengo, gita langu begani. Alimfikia Kyle. Alimwekea tai sawa. Sikusikia aliyomwambia. Kisha akaanza kupiga ule wimbo wa Cleveland, ule ambao kila mtu anadai ni wake, tena kwa nguvu, na sauti yake ile ya Upanga. Walikuja wawili wakilikata lile eneo la magari, yule mzee mnene anaimba kama wajomba ishirini, na yule askari aliyetoroka vita anatembea kando yake, uso umelowa.

Walipofika mlangoni nikawazuia kwa mkono, kama ada inavyotaka. Shaila alikuwa amekuja nyuma yangu, nguo nyekundu, amesahau kwamba bibi harusi hatakiwi kuonekana bado. Niliuliza linalopasa kuulizwa.

"Ninyi ni nani, na mmetoka wapi?"

Sadru alimtazama binti yake juu ya bega langu. Kisha akamshika Kyle mkono akamsogeza mbele.

"Sisi ni watu wa upande wa mume," alisema. "Tumemleta mwanetu."